Kutu kwenye gari la kale: wapi ukwangue, wapi upake dawa, wapi ukate

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1970 niliyoachiwa na baba mkubwa. Injini haina neno, ila bodi imeanza kunitia wasiwasi. Juu ya boneti kuna mabaka ya kahawia pale rangi ilipobabuka. Milango yote miwili, upande wa chini, rangi imetoa malengelenge. Na juzi nimeinua kiti cha nyuma nikagusa sakafu chini ya betri kwa bisibisi, ikapita hadi nje. Fundi wa kwanza kaniambia nipake dawa ya kugeuza kutu, nipige puti (ule ujazo wa kusawazisha bodi), nipake rangi, yaishe. Wa pili anasema gari zima likwanguliwe hadi chuma cheupe. Wa tatu anasema kata, chomelea bati jipya. Nimsikilize nani? Na naweza kuendelea kulitembelea huku najipanga?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa hilo tundu. Mafundi wako wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anasemea sehemu yake ya gari. Boneti ni kazi ya yule wa pili. Chini ya betri ni kwa wa tatu, hapana mjadala. Dawa ya wa kwanza nayo ina mahali pake, padogo kuliko anavyodhani. Shida ni kwamba kila mmoja amechukua jibu la sehemu moja akataka kulivalisha gari zima. Kabla ya kuuliza dawa gani, uliza mambo mawili: chuma kizima kimebaki kiasi gani hapo, na maji yaliyoleta kutu yanaingilia wapi. Ukishajua hayo, njia inajichagua yenyewe.

Kutu huhitaji chuma, maji na oksijeni. Chumvi ikiwepo, kazi huenda kasi zaidi. Kutu haifanani na ukoko mwembamba unaoota juu ya alumini, ambao hushikamana na kuikinga alumini iliyo chini yake. Kutu ni legevu, ina vinyweleo, inafyonza unyevu na kuushikilia. Tena huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana rangi huinuka na mabati mawili yaliyobanana huachana hata kama yalifungwa kwa nguvu. Ukipaka rangi juu yake umeifunikia kutu maji yake ndani. Inaendelea kula taratibu, na wewe unaona gari jipya kwa msimu mmoja.

Sasa kagua, na usiharakishe, kwa sababu ukaguzi ndio utakaoamua utumie nguvu wapi. Toa viti, mazulia, mapambo ya ndani ya milango, na lile tabaka jeusi la lami lililobandikwa sakafuni kupunguza kelele. Lami hiyo ikiachia bati kidogo tu, maji hukaa katikati na sakafu huliwa huku juu pakionekana pasafi. Chukua bisibisi ya ncha, nyundo ndogo, tochi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kisichokwaruza rangi. Gonga kwa nyundo kuanzia sehemu unayojua ni nzima ukisogea kuelekea yenye shaka. Bati zima hulia kwa sauti kali inayosikika mbali. Bati lililoliwa hutoa sauti fupi, butu. Palipobadilika sauti, choma kwa bisibisi kwa nguvu ya mkono. Usione haya kutoboa. Kinachotobolewa na mkono kilikuwa kimekwisha kabla hujakigusa. Sumaku nayo ipitishe taratibu kwenye madigadi, kingo za chini za milango na kuzunguka taa: inapolegea ghafla, chini yake pana puti nene au faiba, na mara nyingi chini ya puti hiyo pana tundu ambalo mwenye gari aliyetangulia aliliziba akauza.

Kwenye Beetle kuna mahali ambapo ningeangalia hata kama hukupataja. Kwanza ni maboksi ya hita, yale yanayopita chini ya kila mlango kutoka nyuma kwenda mbele, yakipitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini. Watu wengi huyachukulia kama bomba la joto tu, kumbe ndiyo mbavu za bodi. Bodi hukaza bolti zake kupitia hapo kwenye sakafu, na yakioza milango huanza kugoma kufunga. Kisha tazama shimo la tairi la akiba chini ya boneti, ambapo maji yanayopenya raba iliyochoka hukusanyika. Tazama pembe za chini za kioo cha mbele na vioo vya pembeni nyuma, ndani ya raba. Tazama pia pale madigadi yanapokutana na bodi: kuna ukanda uliobanwa katikati ya mabati mawili, na ukizeeka unashika matope na unyevu kama sifongo. Madigadi ya gari hili hufunguka kwa bolti, kwa hiyo yafungue. Bolti zikigoma, weka mafuta ya kulegeza usiku mmoja kabla. Ukizilazimisha utavunja zile nati zilizochomelewa upande wa ndani, na utaongeza kazi ambayo haikuwepo.

Milango yako inastahili maelezo marefu kidogo, maana ndipo watu wanapodanganyika. Ona malengelenge yamekaaje. Yakizunguka alama ya jiwe au mkwaruzo, kutu imeanzia nje, na una bahati. Yakijipanga mstari mmoja karibu na ukingo wa chini, kama ulivyoeleza, kutu imetoka ndani. Mlango wa gari umeundwa upitishe maji: mvua hushuka kwenye kioo, hupita kando ya raba, huingia tumboni mwa mlango na kutokea kwenye vitundu vilivyo chini. Fungua pambo la ndani uingize mkono hadi chini kabisa. Utatoa uji wa vumbi, majani yaliyooza na magamba ya kutu, na chini yake vile vitundu vimezibwa kabisa. Bati la nje la mlango limekunjwa kuukumbatia ukingo wa fremu ya ndani, na ndani ya mkunjo huo hakuna rangi iliyofika vizuri tangu kiwandani. Ukikwangua lengelenge kwa nje utakuta vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini. Hivyo vidogo ndivyo vinavyoonekana. Upande wa ndani bati linalovizunguka limebaki jembamba kama karatasi. Bati la bodi za magari ya miaka hiyo kwa kawaida ni la unene wa milimita 0.8 hadi 1 hivi. Halina akiba ya kukwangua na kukwangua tena.

Tuanze na lililo rahisi, boneti. Osha kwa sabuni, kausha, kisha futa kwa kiyeyushi cha kuondoa nta na grisi kabla hujagusa msasa. Ukianza na msasa, nta na mafuta ya miaka yote unayasugulia ndani ya chuma, na rangi mpya itayakataa. Tumia vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufuta kabla kiyeyushi hakijakauka. Rangi ya gari la umri huu inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi yenye kichujio, lowesha unaposugua kwa mkono, na usifagie vumbi hilo likiwa kavu.

Kwangua kupita mpaka wa kutu, hadi ufike kwenye rangi iliyoshika kweli. Kutu hutambaa chini ya rangi mbele ya pale unapoiona. Kifaa ninachokipenda ni gurudumu la nailoni lenye chembe za msasa ndani yake. Hula kutu na rangi lakini haliumi chuma sana. Kisha msasa wa namba 80, baadaye 120 na 180 kwenye kingo ili rangi ya zamani ishuke taratibu bila ngazi. Diski ngumu ya kusagia vyuma iache kabisa kwenye mabati mapana. Inapunguza unene, na joto lake hulifanya bati litanuke na kubonyea likawa linacheza ndani na nje kama kifuniko cha debe. Kulirudisha ni kazi ya fundi mwingine kabisa. Brashi ya waya kwenye grinda nayo ina hila yake: huisugua kutu iliyo ndani ya vishimo hadi inang’aa, ukadhani chuma kimetakata. Weka tochi pembeni, mwanga upite bapa juu ya bati. Ukiona nukta nyeusi, hiyo bado ni kutu.

Hapo kwenye nukta nyeusi ndipo dawa inapoanza kazi. Mafundi huita zote “dawa ya kutu”, ila kuna za aina mbili zinazofanya kazi tofauti, na kuzichanganya huharibu kazi nyingi nzuri. Ya kwanza ni yenye asidi ya fosforiki. Hii huyeyusha kutu na kuacha tabaka la fosfati juu ya chuma. Ipake kwenye bati lililokwisha kukwanguliwa, sugua kwa brashi ya nailoni ili iingie vishimoni, iweke ikiwa mbichi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, usiiache ikaukie hapo. Kisha ioshe kama chupa inavyoelekeza, kausha haraka kwa hewa ya moto, na upitishe tena msasa wa 80. Hatua hiyo ya mwisho wengi huiruka. Mabaki ya asidi huzuia praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) isikomae na kushika, na watengenezaji wengi wa epoksi huandika wazi kwamba haitaki kupakwa juu ya asidi. Kwa hiyo soma karatasi ya maelezo ya praima yako kabla ya kununua dawa, wala si baada.

Ya pili ndiyo dawa ya kugeuza, ile aliyokutajia fundi wa kwanza. Nyingi zina asidi ya taniki pamoja na aina ya gundi ya rangi. Taniki hushikana na kutu ikaifanya kitu cheusi kisichobadilika haraka. Kwa kuwa inahitaji kutu ili ifanye kazi, kuipaka kwenye chuma kinachong’aa ni kupoteza dawa. Kwa upande mwingine, haipenyi mbali. Kutu yenye magamba huwa nyeusi juu tu, na chini yake shughuli inaendelea. Ninaitumia mahali ambapo kutu ni nyembamba, imeshika, na mkono au kifaa hakifiki kuikwangua: ndani ya pembe za fremu, upande wa juu wa mabano, kona za sakafu. Kwenye boneti ambayo unaweza kuifikia pande zote mbili sioni sababu ya kuitumia.

Kuna asidi moja nitakayokukataza moja kwa moja: asidi ya hidrokloriki, ile kali inayotumiwa kusafishia saruji na vyoo. Ndiyo, hula kutu kwa dakika chache. Lakini mvuke wake hutembea karakana nzima na kuotesha kutu kwenye zana na sehemu za gari ambazo hukuzigusa, na ikiingia kwenye mkunjo wa mabati huacha kloridi ambayo hutaweza kuiosha. Nimeona mlango uliosafishwa hivyo ukirudisha kutu kwenye mkunjo kabla rangi haijazoeleka.

Vitu vidogo vinavyofunguka, kama bawaba, mabano na kufuli ya boneti, usivimalizie nguvu za mkono. Vitumbukize kwenye maji yenye asidi ya sitriki, gramu 50 hadi 100 kwa lita, uviangalie kila baada ya saa kadhaa na kuvisugua. Springi na bolti za chuma kigumu usivilaze kwenye asidi, maana hidrojeni inayotoka huingia ndani ya chuma hicho na kukifanya kiwe chepesi kukatika. Njia nyingine ni umeme. Chukua ndoo ya plastiki, maji, kijiko kikubwa cha kaboneti ya sodiamu (soda ya kufulia) kwa kila lita 4 hivi, na chaja ya betri ya volti 12. Kipande chenye kutu hufungwa kwenye hasi, bati la kawaida la chuma kwenye chanya, na visigusane. Njia hii haili chuma kizima, ndiyo raha yake. Ila fanyia mahali penye hewa, kwa sababu hidrojeni inayotoka hulipuka, na zima chaja kabla ya kuondoa klipu. Usiweke chumvi ya mezani, itatoa gesi ya klorini. Magadi ya jikoni nayo mara nyingi yana chumvi ndani. Na usitumie chuma cha pua kwenye chanya, maana maji yatabaki na kromiamu yenye sumu.

Kupiga mchanga kwa kompresa? Kwa mabano, vyuma vinene vya mbele na sehemu ya chini ya gari, hakuna kinachoshinda. Kwa boneti, milango na paa, mpe tu mtu anayejua kupunguza presha na kupiga kwa mshazari, la sivyo bati litarudi likiwa limevimba. Mchanga wa kawaida wa silika usikubali kabisa: vumbi lake huharibu mapafu bila kupona. Kuna mawe maalumu ya kusagwa yanayofanya kazi hiyo hiyo. Baada ya kupigwa, chuma kiko uchi na kina kiu. Kipate praima siku hiyo hiyo, na usikishike kwa mikono mitupu, kwani jasho la vidole hutosha kuchora kutu.

Sasa tundu chini ya betri. Hapa adui ni wawili, maji na tindikali ya betri. Toa betri, mimina mchanganyiko wa maji na baking soda juu ya eneo lote hadi mapovu yaishe, suuza, kausha. Kisha kata. Kata hadi ufike kwenye bati ambalo nyundo inalia vizuri na mashine ya kuchomelea hailiyeyushi likatoboka, mara nyingi sentimita 2 au 3 kupita mahali ulipodhani pametosha. Kama uozo umechukua zaidi ya pembe hiyo ya betri, usishone viraka vitano vinavyogusana. Sakafu za Beetle bado zinatengenezwa mpya, nusu ya kulia na nusu ya kushoto, na kubadilisha nusu nzima ni kazi safi kuliko kiraka juu ya kiraka. Bati la ribiti lililopakwa lami, au faiba juu ya tundu, siyo matengenezo. Katikati ya kiraka na sakafu ya zamani pamebaki nafasi ya maji kulala, na safari hii hutayaona.

Kiraka cha pembe hiyo kipime kwa karatasi ngumu kwanza, kisha ukikate kwenye bati la unene ule ule wa gari, pembe zake zikiwa za mviringo. Pembe kali hukusanya joto na kupasua. Mashine inayofaa ni ile ya waya na gesi, MIG, yenye waya wa milimita 0.6. Fito za kawaida za kuchomelea mageti zitatoboa bati hili kila ukigusa. Acha mwanya mdogo unaolingana na unene wa bati, piga nukta moja hapa, nyingine upande wa pili, ngoja papoe, rudi katikati. Anayevuta mstari mmoja mrefu kwa pupa atapata bati lililojikunja. Pale mabati mawili yanapolaliana, kama mwanzo yalivyounganishwa kiwandani, toboa matundu ya milimita 6 hivi kwenye bati la juu uyajaze, na kabla ya kuyabananisha paka praima ya zinki inayostahimili kuchomelewa kwenye nyuso zitakazofichika.

Kabla cheche ya kwanza haijaruka: betri iwe nje, na tangi la mafuta pia. Kwenye gari lako tangi liko mbele chini ya boneti, na watu hulisahau kwa kuwa injini iko nyuma. Lami, zulia, raba na nta ya zamani vyote hushika moto upande usiouona, hivyo awepo mtu wa pili mwenye kizima moto upande huo, na msiondoke mara tu kazi inapoisha. Moshi wa zinki usiuvute.

Ikiwa maboksi ya hita nayo yamekwisha, hapo ndipo pa kumtafuta fundi aliyewahi kufanya Beetle, hata kama ni wa kusubiri. Kabla ya kukata boksi, uwazi wa mlango lazima ufungwe kwa vyuma vya muda vilivyochomelewa kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na bodi ibaki imekazwa kwenye sakafu ili isipoteze umbo. Fanya upande mmoja, maliza, ndipo uende wa pili. Kila hatua tundika mlango uone mianya yake. Nimeletewa gari ambalo maboksi yote mawili yalikatwa siku moja bila vyuma vya kushikilia. Paa lilishuka kidogo tu, jicho halioni, ila hakuna mlango uliofunga tena hadi kila kitu kikatwe upya.

Kwa milango, kama bati la nje limetoboka sehemu fupi na mkunjo bado mzima, kata ukanda wa chini na uchomelee mpya. Kama mkunjo umeliwa pamoja na ukingo wa fremu, tafuta mlango mwingine mzuri. Uchungu wa kuutupa mlango halisi naujua, ila saa utakazoumalizia hazitarudi.

Kisha rangi, na hapa mpangilio una maana kuliko chapa ya kopo. Mimi huanza na praima ya epoksi ya makopo mawili yanayochanganywa, matabaka mawili, moja kwa moja kwenye chuma kilichokwanguliwa na msasa. Epoksi huzuia maji. Praima za kawaida za kujaza mikwaruzo, zile za kijivu zinazosugulika vizuri, zina vinyweleo, na gari linaloachwa miezi kadhaa na praima hiyo peke yake linaota kutu chini yake huku mwenyewe anasubiri hela ya rangi. Ukitaka kusimama njiani, simama kwenye epoksi. Ziba mishono yote ya mabati kwa siliya (gundi laini ya kuzibia) ya poliuretani juu ya epoksi. Usitumie silikoni inayonuka siki: harufu hiyo ni asidi, nayo huotesha kutu mahali hapo hapo ulipotaka kukinga, na rangi haitashika kamwe karibu nayo.

Puti huja sasa, wala si kabla. Nayo iwe nyembamba, milimita 2 au 3 kwa kiwango cha juu, ya kusawazisha na siyo ya kuziba tundu. Puti ya poliesta hunyonya unyevu, kwa hiyo ikiziba tundu kutoka nje huwa inapokea maji kutoka nyuma kila siku hadi inaachia. Hapo ndipo ushauri wa fundi wa kwanza ungekufikisha kwenye milango yako. Kwa praima ya kujazia, rangi na vanishi za makopo mawili, kumbuka viimarishi vyake vingi (lile kopo la pili la kugandisha) vina isosayaneti, kemikali yenye sumu ukiivuta, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kama huna barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira, mwachie mwenye chumba cha rangi kazi hiyo.

Rangi ikishakomaa, malizia ndani. Hatua hii haionekani kwenye picha, ndiyo maana inasahauliwa, lakini kwangu ina uzito kuliko mng’ao wa nje. Nunua nta ya kupulizia ndani ya maboksi, ipashe kwa kuweka kopo kwenye maji ya moto ili iwe nyepesi, na uipulizie kwa mpira mrefu wenye ncha inayotawanya pande zote. Kwenye milango, lenga mkunjo wa chini hadi uone nta inachungulia kwenye vitundu vya maji. Kisha zibua vitundu hivyo kwa kijiti. Kwenye maboksi ya hita tumia kiasi na fikiria harufu, kwa sababu hewa ya moto utakayoivuta hupita humo. Wengi hupaka epoksi ndani ya boksi jipya kabla ya kulichomelea, na nta wakaiweka kwenye sehemu zilizofungika tu zisizopitisha hewa. Usichomelee kamwe baada ya nta kuingia. Lami nyeusi chini ya gari siipendi: ikipasuka hukaa kama mfuko wa maji. Bora mpako laini unaoweza kuuona na kuurudia.

Utaratibu wako basi, kwa pesa isiyotosha yote mara moja: anza na sakafu na maboksi ya hita, fuata na milango, boneti iwe mwisho. Ila boneti ikwangue wikiendi moja na uipige epoksi sasa hivi, ikingoje hata mwaka ikiwa imefunikwa, kwa sharti kwamba kabla ya rangi utaipitisha msasa tena. Milango nayo ifungue leo, toa uji, zibua vitundu; hilo halihitaji fundi. Na tafuta raba mpya za vioo, la sivyo utarudia yote haya.

Kuhusu kulitembelea: hapana, mpaka sakafu ya betri irekebishwe. Betri iliyokaa juu ya bati lililooza inaweza kushuka barabarani, au ikainama hadi vichwa vyake viguse springi za kiti kilicho juu yake, na moto wa namna hiyo huanza chini ya abiria. Tena reli za viti vya mbele zimeshikwa na sakafu na handaki la katikati. Kama uozo umesogea huko, kiti hakitakushika siku ya breki kali. Tazama pia mikanda imeshikizwa wapi. Na ukilinyanyua kwa kazi, usitumie pa kuwekea jeki pale pembeni kabla hujapagonga kwa nyundo. Weka jeki chini ya mirija ya ekseli ya mbele, na nyuma kwenye mrija mnene unaobeba fito za springi, kisha uweke stendi kabla hujaingiza hata mkono.